Kufunga breki za mkono za kukatia kona kwenye bagi ya Volkswagen

Bagi nyingi, yaani magari mepesi ya mchangani yanayotengenezwa kutokana na Volkswagen Beetle, ninazoletewa gereji hapa Arusha zina ugonjwa mmoja. Injini ya Beetle, ile 1600 ya kupozwa kwa hewa, imekaa nyuma kabisa pamoja na giaboksi. Mbele kuna fremu tupu, tenki na miguu ya dereva. Kwenye barabara ngumu hutaona shida yoyote. Ingiza gari hilo kwenye korongo la mchanga kule Longido, au kwenye vumbi la majivu ukielekea Ziwa Natron, halafu kata usukani. Tairi za mbele zitageuka vizuri tu, lakini gari litaendelea kwenda kulekule lilikokuwa likienda. Hakuna uzito wa kuzikandamiza zishike ardhi, na ukikanyaga mafuta ndiyo pua inazidi kuwa nyepesi.

Dawa yake si ngeni. Ufundi niliuanza kwenye matrekta ya mashamba ya ngano kule Hanang, na kila aliyewahi kukalia Massey Ferguson anazijua zile pedali mbili za breki zilizopangana upande wa kulia, moja ya gurudumu la kushoto, nyingine ya kulia, na kile kikomeo cha kuziunganisha trekta likiwa barabarani. Dereva akifika mwisho wa shamba anakanyaga ile ya upande anaotaka kugeukia, na trekta zima linageuka papo hapo. Kwenye bagi tunafanya jambo hilohilo, ila mguu unabaki na breki yake ya kawaida na mkono unapewa hendeli mbili. Ukivuta ya kushoto, gurudumu la nyuma kushoto linashikwa, la kulia linasukuma, na pua inakuja kushoto hata kama tairi za mbele hazigusi chini.

Nasisitiza tangu mwanzo, kwa sababu vijana wengi huja wameshanunua hendeli zinazong'aa na wanadhani kazi imekwisha: hendeli ndiyo sehemu rahisi. Unaunganisha kitu kipya katikati ya breki za gari, na kila mahali unapokata paipu umezalisha sehemu mpya inayoweza kuvuja. Kama hauko tayari kutumia muda mwingi zaidi kwenye paipu na maungio kuliko kwenye hendeli, acha gari lilivyo.

Kwanza kagua difu

Breki hizi zinafanya kazi kwa sababu ya difu (gia zinazogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili ya nyuma) iliyo wazi, yaani isiyofungwa. Difu ya namna hiyo hugawa nguvu sawa kwa sawa pande zote mbili. Gurudumu moja likizunguka bure kwenye mchanga halihitaji nguvu, na lenzake nalo halipati kitu. Ukilishika lile linalozunguka bure, injini inalazimika kupambana na breki, na kiasi hichohicho cha nguvu kinakwenda upande wa pili. Ndiyo maana hendeli hizi zinakusaidia kwa mambo mawili: kugeuka, na kujinasua pale gurudumu moja limechimba shimo. Hilo la pili watu hawalifikirii wanaponunua, lakini baadaye ndilo wanalolishukuru zaidi.

Kuipima ni rahisi. Nyanyua nyuma yote, weka stendi za chuma, zima injini, ingiza gia ya kwanza. Zungusha gurudumu moja kwa mkono. Likizunguka na lenzake likarudi kinyume, difu iko wazi, endelea na kazi. Likigoma kabisa, kuna mtu ameichomelea. Difu iliyochomelewa hufunga magurudumu yote mawili pamoja, kwa hiyo ukivuta hendeli moja unasimamisha yote. Hapo usipoteze pesa yako kwenye breki hizi kabla ya kuirudisha difu hali yake.

Njia ya kebo na njia ya mafuta

Beetle ina zawadi ambayo mafundi wengi hawajaitazama vizuri. Hendibreki yake ina kebo mbili, moja kwa kila gurudumu la nyuma, na zote zinaishia chini ya hendeli kwa nati za kurekebishia. Ukitengeneza hendeli mbili badala ya moja, kila moja ikavuta kebo yake, umepata breki za kukatia kona bila kugusa paipu hata moja. Kwa bagi ya kutembelea shambani, yenye dramu nyuma, na mwenyewe hana bajeti kubwa, hii ndiyo njia ninayompa. Ubaya wake ni kwamba kebo hurefuka, tope likiingia kwenye ganda lake inakuwa nzito, na ni lazima angalau hendeli moja ibaki na meno ya kujifunga ili gari lisiwe bila breki ya kuegeshea. Hendeli moja yenye meno inashika gurudumu moja tu, na difu ikiwa wazi gari linaweza kuteremka mlima taratibu, hivyo weka meno kwenye zote mbili, yenye kitufe cha kuyaachia ambacho unaweza kukifunga nje ukiwa mchangani.

Kwa anayeendesha kwa nguvu, njia ni ya mafuta ya breki. Watengenezaji wa Marekani kama Jamar na CNC huuza hendeli mbili zikiwa kwenye bodi moja ya aluminiamu, zenye silinda mbili ndani. Mafuta kutoka masta silinda (pampu inayoyasukuma ukikanyaga pedali ya breki) yanaingia kwenye bodi, yanapita, yanatoka kwa paipu mbili kwenda kila gurudumu. Hendeli ikiwa imepumzika, njia iko wazi na breki ya mguu inafanya kazi kama zamani. Ukivuta, pistoni inasogea, inaziba njia ya kutoka masta silinda, halafu inasukuma mafuta yaliyo mbele yake kwenda gurudumu moja tu. Kebo za hendibreki unaziacha zilipo, kwa sababu hendeli hizi za mafuta hazijifungi na hazifai kuegeshea.

Nimeombwa mara nyingi kutumia masta silinda mbili za klachi za Toyota badala ya kuagiza bodi kutoka nje, kwa kuwa ni rahisi kupatikana na vipimo vinakaribiana. Nakataa. Silinda ya klachi imeundwa kupokea mafuta yasiyo na presha kutoka kwenye kikopo chake. Ukiiweka katikati ya mfumo, kila ukikanyaga breki unaisukumia presha kamili mlango wa nyuma, na raba ya nyuma haikuundwa kuibeba. Itavuja, na itavujia pale ambapo ulikuwa unategemea mguu wako kusimamisha gari.

Kuhusu ukubwa, bodi hizi huja hasa zikiwa na kipenyo cha ndani cha inchi 5/8 au 3/4. Tuseme unavuta kwa nguvu ya kilo 20, na hendeli inazidisha mara 6: pistoni inapata kilo 120. Kwenye kipenyo cha 3/4, ambacho eneo lake ni sentimita za mraba 2.85, unapata presha ya kama kilo 42 kwa sentimita ya mraba. Kwenye 5/8, eneo ni 1.98 na presha inafika 60. Mkono hauna nguvu ya mguu, kwa hiyo kwa dramu za Beetle mimi nachagua 5/8. Inasukuma mafuta machache zaidi, lakini silinda ya gurudumu la Beetle ni ndogo na haihitaji mengi, mradi shuu (vibanio vya breki vilivyo ndani ya dramu) zimerekebishwa karibu na dramu. Mwenye diski zenye kalipa kubwa ndiye anayehitaji 3/4.

Mahali pa kufunga

Kaa kwenye kiti ukiwa umefunga mkanda, macho mbele, shika usukani kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto uangukie pale unapoangukia wenyewe, kiwiko kikiwa kimekunjika. Hapo ndipo vichwa vya hendeli vinapotakiwa kuwa. Kwa gari la usukani wa kulia inakuwa juu ya handaki la katikati (lile tuta la bati linalopita katikati ya sakafu), nyuma kidogo ya hendeli ya gia. Ingiza gia zote moja baada ya nyingine na uone ngumi yako haigongi. Hendeli ya kushoto iwe ya gurudumu la kushoto. Nimeona zilizopishanishwa kwa sababu paipu zilikuwa rahisi kupita hivyo, na hilo ni hatari tupu.

Bati la Beetle ni jembamba. Kata sahani ya chuma ya milimita 5, ifunge juu, na nyingine chini ya bati, zibanane kwa bolti za M8 zenye alama ya 8.8 kichwani. Mtu akiingiwa na hofu anavuta kwa nguvu zake zote, na sahani moja pekee itapinda bati, hendeli iyumbe na paipu zikatike shingoni. Kama fremu yako ni ya mabomba matupu, chomelea sahani kwenye fremu kabla ya kuileta bodi karibu. Usichomelee chochote bodi ikiwa imefungwa, raba zake zitaungua.

Paipu

Kwenye Beetle, paipu moja inatoka masta silinda kwenda nyuma, inafika kwenye tii (kiungio cha njia tatu) karibu na giaboksi, inagawanyika. Tii hiyo unaiondoa. Paipu ya nyuma sasa inaishia kwenye bodi ya hendeli, na kutoka hapo paipu mbili mpya zinakwenda, kila moja kwenye mpira wa breki (paipu laini ya mwisho) wa gurudumu lake. Za mbele usiziguse. Kama masta silinda yako ni ile ya zamani yenye chumba kimoja kinacholisha magurudumu yote manne, badilisha uweke ya vyumba viwili kabla ya kuendelea. Kwa mfumo wa chumba kimoja, tone moja linalovuja kwenye hendeli yako linaweza kukuacha bila breki yoyote.

Paipu ziwe za chuma cha breki au za mchanganyiko wa shaba na nikeli, kipenyo cha nje milimita 4.75. Shaba tupu ya friji naiona kwenye magari kila mara na inanitia uchungu. Inapinda vizuri, inang'aa, na fundi anaipenda kwa sababu mdomo, ile ncha inayotanuliwa ili izibe kwenye maungio, unafunguka bila jasho. Lakini kila mtikisiko unaigeuza kuwa ngumu, na ikishakuwa ngumu inapasuka ghafla, bila kutoa jasho la mafuta la kukuonya.

Sasa tufike kwenye midomo. Nati ya paipu ya Volkswagen ni M10 yenye nyuzi za milimita 1, na mdomo wa paipu umetuna kuwa duara, haujakunjwa. Nati ya Toyota nayo mara nyingi ni M10 ya milimita 1, lakini mdomo wake umekunjwa mara mbili kwa ndani. Hapa mjini paipu za Toyota zimejaa, kwa hiyo mtu anachukua moja, anaifunga kwenye mpira wa Beetle, nati inaingia kwa vidole laini kabisa, inakaza, kila kitu kinaonekana sawa. Ndani, hata hivyo, mdomo umegusa kwa ukingo mwembamba tu. Utakuja kuona unyevu mdogo kwenye nati, utakaza zaidi, utaukata mdomo. Kijana mmoja wa Usa River aliniletea bagi inayozama pedali kila asubuhi, na baada ya kuifungua paipu nilimwonyesha alama: pete nyembamba upande mmoja, upande mwingine rangi ya kiwandani haijaguswa hata kidogo. Bodi za Marekani zinaongeza mchanganyiko, kwa kuwa nyingi zina matundu ya nyuzi za bomba za inchi 1/8, zinazobana kwa kusongamana na si kwa mdomo. Nunua vigeuzi vinavyoendana na kila upande. Kwenye nyuzi hizo za 1/8 paka dawa ya maji ya kuzibia inayovumilia mafuta ya breki, usizungushie utepe mweupe wa mafundi bomba. Kipande chake kikikatika kinaingia kwenye kitundu cha bodi na breki inabaki imeshika.

Kata paipu kwa kikatio cha duara, si kwa msumeno wala grainda. Lainisha ukingo kwa ndani na nje, ipulize, ivalishe nati kabla ya kufungua mdomo. Karibu na bodi izungushe mzunguko mmoja mpana ili mtikisiko uishie pale. Ifunge kwa klipu zenye mpira kila sentimita 30, weka raba kila inapopita kwenye tundu, na iwe mbali na ekzosi. Mimi napitisha paipu mbili mpya juu ya bati, ubavuni mwa handaki, ndani ya kibini. Chini ya gari jiwe moja la korongoni linatosha kuibana paipu, na hutajua.

Shuu, kisha upepo

Kabla ya kujaza mafuta fungua dramu za nyuma. Nati ya ekseli ni ya milimita 36, na ukija kuirudisha inakazwa kwa nyutoni-mita 294, kwa hiyo tafuta bomba refu la kuongezea spana na uhakikishe pini ya usalama imeingia. Shuu zenye mafuta tupa. Rekebisha kwa zile nyota za kurekebishia mpaka dramu ianze kukwaruza, kisha rudisha meno machache mpaka izunguke huru. Pande zote ziwe sawa. Shuu zikiwa mbali, utavuta hendeli hadi mwisho na gurudumu bado linazunguka, kisha utalaumu bodi.

Tumia mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 au DOT 4 kutoka kopo jipya. DOT 3 inachemka kuanzia nyuzi joto 205 za Selsiasi na DOT 4 kuanzia 230, zikiwa kavu, yaani bila maji ndani. Kopo lililokaa wazi limeshanyonya maji na halifai tena. Usiweke mafuta ya giaboksi wala ya haidroliki, raba zote zitavimba. Mafuta ya breki yakimwagika kwenye rangi, osha hapohapo kwa maji.

Kutoa upepo kunahitaji watu wawili na subira. Hendeli zote zikiwa zimepumzika, anza na gurudumu la nyuma lililo mbali zaidi na masta silinda. Msaidizi akanyage polepole, wewe fungua niplo (skrubu ya kutolea upepo kwenye gurudumu), funga kabla hajaachia. Rudia mpaka mapovu yaishe, kisha upande wa pili. Halafu fanya vivyo hivyo kwa hendeli: ivutwe polepole niplo ikiwa wazi, niplo ifungwe, ndipo iachiwe. Rudi tena kwa mguu. Bodi ikiwa imelala vibaya, upepo hubaki kwenye kona ya juu ya silinda. Legeza bolti za sahani, inua upande wa matundu ya kutokea, gonga bodi taratibu kwa mpini wa bisibisi, na mapovu yatapanda. Usiache kikopo cha masta silinda kikauke, utaanza upya.

Sasa kagua uhuru wa hendeli. Ikiwa imepumzika, ichezee kwa vidole: lazima kuwe na nafasi ya milimita 1 hadi 2 kabla ya fimbo kugusa pistoni. Bila nafasi hiyo pistoni hairudi mwisho, njia inabaki imezibwa nusu, mafuta yakipata joto yanatanuka na hayana pa kwenda. Dalili yake ni gurudumu moja kuwa la moto na gari kuwa zito baada ya dakika chache. Springi za kurudishia ziwe na nguvu ya kutosha hata vumbi likijaa.

Kujaribu

Kabla ya kuwasha injini, vuta hendeli moja kwa nguvu na uishikilie nusu dakika huku mwenzako akipitisha karatasi kavu kwenye kila nati. Rudia kwa nyingine, kisha kwa mguu. Karatasi ikiloa popote, fungua na utazame mdomo, usikimbilie kukaza.

Nyuma ikiwa juu ya stendi imara, magurudumu ya mbele yamezuiwa kwa mawe pande zote, washa injini, gia ya kwanza, mwendo wa chini. Vuta ya kushoto: la kushoto linasimama, la kulia linaongeza kasi maradufu. Vuta ya kulia: kinyume chake. Kanyaga breki: yote yanasimama. Kasi hiyo maradufu ndiyo inayochosha gia ndogo za ndani ya difu, kwa hiyo vuta kwa vipindi vifupi, usishikilie gurudumu moja huku ukikanyaga mafuta kwa muda mrefu.

Jaribio la kwanza la kuendesha fanya kwenye uwanja mpana wa mchanga au vumbi laini, mwendo wa kilomita 10 hadi 15 kwa saa. Kata usukani kwanza, kanyaga mafuta, ndipo uvute kidogo na kuachia. Ukivuta bila mafuta, gurudumu linachimba na gari linazama. Usijaribu kwenye lami wala udongo mgumu. Huko tairi haiserereki, na uzito wote unahamia upande wa nje. Beetle za zamani zenye ekseli za nyuma za kubembea ni mbaya zaidi, kwa sababu gurudumu la nje linaweza kujikunja chini ya gari na kulipindua. Vaa kofia ngumu na mkanda hata kama ni uwanja wa nyumbani, na fremu iwe na pao la juu la kumkinga dereva gari likipinduka.

Baada ya safari ya kwanza ya mchangani, acha gari lipoe, kisha pitia kila nati kwa karatasi tena, kaza bolti za sahani, na weka alama ya kalamu kwenye kikopo cha mafuta ya breki palipo na usawa wake. Usawa ukishuka chini ya alama hiyo kabla shuu hazijalika, kuna mahali panavuja, na gari halitoki gereji mpaka papatikane.